Taa ya Bafuni Imenizeesha

Balbu ya bafuni kwetu iliungua asubuhi ya siku ya kazi, nikiwa nimekwisha kujipaka povu kidevuni na wembe umefika nusu ya shavu la kushoto. Nilimalizia kunyoa kwa kupapasa, na siku nzima wenzangu kazini walizungumza nami huku wakilikazia macho shavu moja tu. Jioni nikaenda kununua balbu, nisijue kwamba ninakwenda kufanya mtihani.

Muuzaji aliniuliza nataka Kelvini ngapi. Zamani tulihesabu wati, na ukisema wati 60 mambo yamekwisha. Kumbe wati ni kipimo cha umeme unaoliwa tu. Mwanga wenyewe hupimwa kwa lumeni, na zile wati 60 za balbu ya zamani ni kama lumeni 800, ambazo taa ya LED huzitoa kwa wati tisa au kumi. Kelvini nazo ni za rangi: 2,700 ni umanjano wa machweo, 4,000 ni weupe wa wastani, na 6,500 ni weupe unaoelekea samawati. Kwa kuogopa kuonekana mshamba nilichukua 6,500, maana sijawahi kuona mtu akisifiwa kwa kuchagua namba ndogo.

Nilipoiwasha nilikutana kiooni na mzee nisiyemfahamu. Taa yetu iko darini, karibu juu ya utosi wa anayejitazama, kwa hiyo mwanga ulimwagika kutoka juu ukaacha kivuli chini ya nyusi, kingine chini ya pua, na kile kidevu nilichotaka kukinyoa kikabaki gizani vilevile. Mke wangu alichungulia mlangoni akashtuka.

"Baba watoto, unaumwa?"

"Siumwi, nimewasha taa."

Fundi umeme alipoitwa alitikisa kichwa kwa huzuni, akaeleza kwamba taa za kioo huwekwa mbili, moja kila upande, usawa wa uso, ili kila moja ifute kivuli cha mwenzake. Kisha akadai taa zenye alama ya IP44, akafafanua kwamba tarakimu ya kwanza ni ya kuzuia vitu vigumu kupenya na ya pili ni ya maji, ambapo 4 huhimili maji yanayoruka kutoka pande zote. Nililipa bila kubishana, ingawa katika miaka yote niliyooga humo hakuna aliyewahi kuuliza mimi ninahimili maji kiasi gani.

Hapo tungekuwa tumemaliza, lakini fundi alitushawishi tuweke pia sensa darini, ili taa ijiwashe mtu akiingia na kujizima akitoka. Tatizo ni kwamba sensa hiyo huhisi joto la mwili pale tu unaposogea, na mtu aliyekaa chooni kwa utulivu, akiwaza mambo yake kama binadamu yeyote mwenye heshima, huhesabiwa kuwa ametoka. Jana usiku taa ilinizimikia mara tatu. Mara ya tatu nikasikia mwanangu akigonga.

"Baba, mbona taa inazima na kuwaka? Unafanya nini humo?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimeketi pale pale, mikono yote miwili nimeiinua juu, ninaipunga taratibu kama abiria aliyeachwa na meli.