Magoti ya Ukoo, Ramani ya Wengine

Shangazi yangu anakaa orofa ya pili, Mkomani, Lamu. Ngazi za nyumba zetu za mawe mnazijua: kila kidato ni kirefu kama kupanda gatini maji yakiwa yamekupwa. Asubuhi hushuka kinyumenyume, kiganja ukutani, goti la kulia likialika kila hatua. "Haya ni ya kwetu, mwanangu," huniambia. "Mama alishuka hivi hivi, na dadake pia." Daktari aliyempima alicheka kidogo, akamwambia aachane na habari za ukoo, apunguze uzito. Mafuta ya goti yamekwisha, basi.

Daktari hakusema uongo. Gegedu, ile tishu laini inayokinga ncha za mifupa kwenye kiungo, husagika kwa umri, kwa uzito, kwa jeraha la zamani, kwa kazi. Hamali aliyebeba mawe na boriti tangu ujanani hahitaji kupimwa vinasaba ndipo ajue kwa nini magoti yanamuuma. Na wazee wa Beijing waliochuchumaa kwa saa nyingi kila siku ujanani walikutwa na magoti mabovu kuliko wenzao wasiochuchumaa sana. Anayesema fedha chache za afya ziende kwenye mazoezi na lishe kabla ya maabara ana hoja, nami simpingi.

Ninachopinga ni kile kicheko. Mwaka 1996 watafiti wa Uingereza waliwalinganisha wanawake mapacha, wanaofanana kabisa na wasiofanana. Kati ya asilimia 39 na 65 ya tofauti baina yao katika kusagika kwa viungo vya mikono na magoti ilitokana na urithi. Haina maana kwamba nusu ya goti la shangazi imeandikwa na mama yake. Hesabu hiyo ni ya kundi, si ya mtu. Lakini ni hesabu kubwa mno kuchekwa. Na shangazi aliyewaona wanawake watatu wa nyumba moja, yeye mmojawapo, wakishuka ngazi kwa namna moja ameona jambo la kweli.

Turudi Beijing kidogo, maana hapo ndipo mambo yanaponogea. Wanawake wa huko wenye miaka 60 na zaidi walilinganishwa na wa Framingham, Marekani. Wa Beijing walikuwa wembamba zaidi, na bado magoti yao yalikuwa yamesagika zaidi. Kumbe nyonga zao zilikuwa salama: ugonjwa wa nyonga ulikuwa chini kwa asilimia 80 hadi 90 kuliko kwa Wamarekani weupe. Mwanamke yule yule, goti bovu, nyonga nzima! Wapo wanaosema kuchuchumaa ndiko kunakoilinda nyonga. Mimi naona huo ni mzigo mzito mno kuutwika mkao mmoja.

Ndipo inapoingia jeni, yaani kinasaba, iitwayo GDF5, inayosaidia kuunda viungo mtoto angali tumboni. Mwaka 2007 watafiti wa Japani walionyesha kwamba aina yake moja, inayofanya kazi kwa uzembe kidogo, huongeza hatari ya ugonjwa huu wa kusagika viungo. Athari yake ilionekana kuwa na nguvu zaidi Asia kuliko Ulaya. Utafiti wa 2017 ukaongeza kwamba badiliko jingine, jirani na jeni hiyo hiyo, limeenea Ulaya na Asia lakini ni adimu Afrika. Mwenye haraka atasema: basi Mwafrika kasalimika. Hasha. Katika wilaya ya Johnston, North Carolina, ambako watu wamefuatiliwa tangu miaka ya 1990, Wamarekani Weusi ndio waliokutwa na magoti yaliyoharibika zaidi. Kukosa hatari ya wenzako si kukosa hatari. Huenda una yako, ambayo hakuna aliyeitafuta.

Kwani imetafutwa wapi? Mwaka 2021 ulitoka uchambuzi wa ugonjwa huu uliokusanya vinasaba vya watu 826,690. Nimeirudia namba hiyo mara nyingi. Ni zaidi ya watu wa Lamu na Malindi tukijumlishwa. Walitoka katika makundi 13 ya utafiti: 11 ya asili ya Ulaya, mawili ya Asia Mashariki. Afrika, hata moja. Alama 100 za hatari zilipatikana katika vinasaba, na alama za namna hiyo ndizo zinazotumika kutengenezea vipimo vya kubashiri nani ataugua. Kipimo hicho ukikileta Mkomani, ni kama kuingia mkondo wetu wa Mkanda na ramani ya bandari nyingine.

Na sisi ndio wagumu zaidi kuwekwa katika ramani ya mtu. Mwaka 2023 vinasaba vya mifupa ya kale, ikiwemo ya Manda na Faza, vilionyesha watu wa miji hii ya pwani walichanganya damu ya Afrika, hasa upande wa akina mama, na ya Uajemi, hasa upande wa akina baba, kuanzia yapata mwaka 1000. Shangazi amebeba GDF5 ya upande gani? Hakuna kundi lolote katika yale 13 linaloweza kumjibu.

Wanaoogopa neno "urithi" hudhani litamfanya mgonjwa akate tamaa, aseme ni majaaliwa. Nimeona kinyume chake. Dawa ya daktari, kuimarisha misuli ya paja na kupunguza uzito, ni ile ile. Ila aliyeulizwa mapema habari za mama yake angeianza miaka 15 kabla. Binti wa shangazi ana miaka 38. Juzi tulishuka pamoja. Alipofika kidato cha tatu, kiganja kikaenda ukutani. Nilimuuliza kama amemwambia daktari. Akasema alikwenda kwa ajili ya presha, na magoti hayakuulizwa.