Iafoni nzuri au iafoni iliyokaa vizuri?

Anayetaka kusikiliza muziki kwa raha hupewa ushauri wa aina mbili. Kuna wanaomwambia aongeze pesa anunue iafoni (vispika vidogo vya kuvaa masikioni) za maana, kwani za bei ya chini haziwezi kumpa kilichorekodiwa studio. Na kuna wanaomwambia atulize mfuko wake: alizonazo zinatosha, ila hajui kuzivaa. Kila upande una hoja. Nikilazimika kuchagua pa kuanzia, nawafuata hawa wa pili, ingawa nao wana mahali wanapopitiliza.

Tuanze na sikio lenyewe. Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa sentimita 2.5 hivi, na haukunyooka. Iafoni za kuingia ndani huuziba mfereji huo kwa kipira, yaani kile kifuniko laini cha ncha yake, na kati ya kispika na ngoma ya sikio kinabaki chumba kidogo sana cha hewa. Kispika chenyewe ni kidogo, mara nyingi hakizidi upana wa milimita 10, na hakina nguvu ya kusukuma hewa nyingi. Kinachokiwezesha kutoa besi nzito ni kwamba chumba ni kidogo na kimefungwa: hewa haina pa kukimbilia, kwa hiyo kispika kikisogea kidogo tu, mgandamizo unabadilika sana. Ukiacha upenyo, hata mwembamba, hewa inapata njia. Sauti nzito, ambazo mtikisiko wake ni wa polepole, huvujia hapo kabla hazijafika kwenye ngoma ya sikio. Sauti nyembamba haziguswi. Muziki unabaki mkavu na mkali, matoazi yanachoma, na gitaa la besi linasikika kama limefungiwa chumba cha pili.

Wanunuzi wengi hupotelea hapa. Iafoni ambazo hazikuziba vizuri huhukumiwa kuwa hazina besi, zinawekwa kando, zinanunuliwa nyingine zilizosifiwa kwa besi. Hizi mpya zimeongezewa besi kiwandani, kwa hiyo hata zikivuja kidogo bado kitu kinasikika, na mnunuzi anaondoka akiamini ubora umepanda. Kumbe tatizo lilikuwa kipira cha saizi ya kati kilichokuja kimebandikwa tayari, ambacho wengi hawakibadilishi kamwe. Vile vingine vinabaki kwenye boksi.

Kulipima jambo hili hakuhitaji mtambo. Cheza wimbo wenye besi inayoendelea bila kukatika, kisha zikandamize iafoni zote mbili kwa vidole, polepole na kidogo tu. Besi ikiongezeka ghafla, zilikuwa zinavuja. Isipobadilika, umeziba. Rudia ukifungua mdomo na kutafuna kidogo, maana taya likisogea mfereji nao hubadilika umbo, na kipira kilichoziba ukiwa umetulia huweza kuachia ukianza kuongea. Pima kila sikio peke yake. Masikio ya mtu mmoja hayalazimiki kulingana, na hakuna sheria inayokukataza kuvaa kipira kikubwa kushoto na kidogo kulia. Mwimbaji akisikika amesogea upande mmoja wa kichwa, kabla ya kulaumu kispika shuku kipira cha upande wa pili.

Namna ya kuingiza nayo ina maana. Watu huzisukuma iafoni moja kwa moja, zinagonga ukuta wa mfereji, wanaridhika. Pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma kidogo ili mfereji unyooke, ingiza huku ukizungusha taratibu, kisha achia. Sikio likirudi mahali pake linakikumbatia kipira. Vipira vya sponji hufinywa kwanza vikawa vyembamba, vikaingizwa, vikashikiliwa mpaka vivimbe. Waya ukipitishwa juu ya sikio, ile kelele ya nguo kusugua waya hupungua sana, na iafoni hazivutwi kutoka kila ukigeuka.

Sasa niwape nafasi wanaosema pesa ina kazi yake.

Kipira kizuri hakibadilishi namna mtengenezaji alivyoipangilia sauti. Sikio lililo wazi lina tabia yake: mfereji wenyewe hukuza sauti zilizo karibu na hezi 3,000 (hezi ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde), kwa zaidi ya desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ubongo umezoea hali hiyo tangu utotoni na unaihesabu kuwa ndiyo kawaida. Ukiuziba mfereji, ukuzaji ule unaharibika, na mtengenezaji analazimika kuurudisha ndani ya iafoni. Akirudisha pungufu, sauti ya mwimbaji inafifia kama yuko nyuma ya pazia. Akizidisha, inapiga kelele. Kiasi cha besi nacho ni uamuzi. Mtafiti wa sauti Sean Olive na wenzake katika Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, walitumia miaka wakiwasikilizisha watu sauti zilizopangiliwa kwa namna tofauti na kuuliza waliyoipenda, na mpangilio waliofikia umekuwa kipimo ambacho watengenezaji wengi hujilinganisha nacho. Hata hivyo, watafiti haohao waliona kwamba wapo wanaotaka besi zaidi ya hapo na wapo wanaotaka pungufu. Iafoni zilizokosea mpangilio hazitaokolewa na kipira chochote. Ikwalaiza, yaani programu ya kupandisha na kushusha sehemu za sauti, itasaidia, tena sana kuliko wengi wanavyokubali, lakini si kila mtu anataka kukaa anarekebisha vitelezi.

Kwa hiyo chaguo lina uzito. Swali ni kama bei ndiyo inayoonyesha chaguo zuri, na hapo upande wa pesa unayumba. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha uchambuzi wa vipimo vya hedifoni na iafoni 283, akiangalia kama bei inakwenda pamoja na jinsi sauti inavyogawanywa kati ya nzito na nyembamba. Hakuona uhusiano. Haina maana kwamba vyote ni sawa. Ina maana kwamba ukiniambia bei pekee, siwezi kukuambia zitasikikaje. Pesa ya ziada mara nyingi hununua vitu vingine ambavyo si vya kudharau: waya unaoweza kubadilishwa ukikatika, ganda dogo lisiloumiza sikio, uangalifu wa kulinganisha upande wa kushoto na wa kulia. Lakini hununua pia boksi la kifahari.

Idadi ya vispika ndiyo chambo ninachokichukia zaidi. Matangazo yanahesabu vinne, vinane, kumi na zaidi kila upande, kana kwamba ni silinda za injini. Kila kispika kinachoongezwa kinahitaji kugawiwa sehemu yake ya sauti na kukabidhiana na jirani yake bila mshono kusikika, na wapo mafundi wanaoliweza hilo na wapo wasioliweza. Mwaka 1991 kampuni ya Marekani ya Etymotic Research, iliyoanzishwa na mtaalamu wa usikivu Mead Killion, ilitoa iafoni za ER-4 zenye kispika kimoja tu kila upande, cha jamii ileile inayotumika ndani ya vifaa vya kusaidia kusikia. Zilipata heshima kubwa kwa usahihi wa sauti. Na ukitazama siri yake, sehemu kubwa ni ileile ya kuziba: kipira chake cha tabaka tatu kiliingia ndani kuliko wengine walivyothubutu, na kelele ya nje ilikatwa kwa zaidi ya desibeli 30.

Kina hicho kina athari nyingine ambayo watetezi wa kuvaa vizuri huitaja mara chache, nayo inawapa nguvu zaidi. Katika mfereji uliozibwa, kipande cha hewa kilichobaki huwa na mvumo wake, yaani hukuza sauti fulani, kwenye sauti nyembamba, na mahali pa mvumo huo hutegemea urefu wa kipande. Ukiingiza iafoni kidogo tu, mvumo unashuka na kuangukia kwenye zile "s" na "sh" za mwimbaji, nazo zinaanza kukata sikio. Ukiingiza zaidi, mvumo unapanda, ukali unalainika. Milimita chache zinatosha. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kuvaa iafoni zilezile, mmoja akalalamika ni kali na mwingine akasema ni laini, na wote wakasema kweli. Michoro ya vipimo inayosambazwa na wachambuzi hutoka kwenye sikio la bandia la vipimo maalumu; ina msaada mkubwa kwa besi na sauti za kati, lakini kuanzia hezi 8,000 kwenda juu naichukulia kama makadirio tu, kwa sababu sikio lile si langu.

Basi kwa nini nilisema watetezi hawa wa kuvaa vizuri nao wanapitiliza? Kwa sababu wanazungumza kana kwamba kuziba hakuna gharama. Ukiziba sikio, sauti ya mwili wako hubaki ndani: nyayo zinadunda, kutafuna kunanguruma, ukiongea unajisikia kama umo ndani ya pipa. Kuna wanaozoea na kuna wasiozoea maisha yao yote. Kuna wanaohisi mgandamizo unaochosha, ndiyo sababu watengenezaji wengine huweka vitundu vya kupumulia, kwa kupoteza kidogo uwezo wa kukata kelele. Kuingiza kitu ndani kila siku huweza kusukuma nta ya sikio ikarundikana, na vipira vichafu hupeleka uchafu uleule ndani. Vioshwe kwa maji na sabuni, vikauke kabisa. Na barabarani, anayesikia muziki tu hasikii pikipiki. Kwa mwendesha baiskeli au mtembea kwa miguu, kutoziba kunaweza kuwa uamuzi wa busara hata kama muziki utapoa.

Upande wa afya ya sikio, hata hivyo, mizani inarudi kwa kuziba. Ambaye iafoni zake zinavuja hupandisha sauti kufidia besi iliyokimbia na kufunika kelele ya nje, na vinavyoumia ni viungo vya ndani ya sikio ambavyo havikuwa na upungufu wowote wa sauti za kati. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda kwa nusu: desibeli 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5. Kipira kinachokata kelele ya nje kinakuwezesha kushuka ngazi kadhaa hapo bila kupoteza kitu. Iafoni zenye kuzima kelele kwa umeme hufanya kazi hiyo vizuri kwenye mngurumo wa basi au ndege, lakini nazo zinategemea kipira. Ndiyo maana baadhi yake huja na kipimo ndani ya programu ya simu cha kukagua kama umeziba, kwa kutumia maikrofoni ya upande wa ndani.

Kuna wanaosema suluhisho la ugomvi wote huu ni iafoni zilizotengenezwa kwa umbo la sikio lako. Mwaka 1995 Jerry Harvey, fundi wa sauti wa bendi ya Van Halen, alianzisha kampuni ya Ultimate Ears baada ya kumtengenezea mpiga ngoma wake Alex Van Halen iafoni za jukwaani, na tangu hapo wanamuziki wengi hawapandi jukwaani bila iafoni za namna hiyo. Sikio huchukuliwa umbo kwa ute unaoganda, mara nyingi mdomo ukiwa wazi ili iafoni zisiachie mtu anapoimba. Kwa anayeimba usiku kucha ni chombo cha kazi. Kwa msikilizaji wa nyumbani nasita. Gharama ni kubwa, huwezi kuzijaribu kabla, ni vigumu kumuuzia mwingine, na umbo la sikio hubadilika kadiri miaka inavyokwenda. Vipira vya kubadilisha vinamfikisha mtu karibu na hapo kwa sehemu ndogo ya gharama: vya silikoni kwa anayetaka kudumu na usafi rahisi, vya sponji kwa ambaye silikoni hukataa kumkaa, akijua kwamba sponji hulegea baada ya miezi michache na hupunguza kidogo makali ya juu.

Kuhusu Bluetooth na waya nitasema kidogo tu. Tofauti kati ya mifumo ya kubana sauti ili isafirishwe bila waya ipo, lakini ni ndogo ukiilinganisha na upenyo unaovujisha besi, na mtu anayegombania mfumo wa usafirishaji huku kipira kimemlegea anajichosha bure.

Ningekuwa nashauri mtu leo, ningemwambia alete zile alizonazo pamoja na vipira vyote vilivyobaki kwenye boksi, tujaribu hadi besi isibadilike anapozikandamiza. Kisha ashushe sauti, asikilize siku kadhaa nyimbo anazozijua neno kwa neno. Mwimbaji akiwa bado yuko nyuma ya pazia, hapo ndipo tuongee habari ya kununua, na tutafute kwa mpangilio wa sauti na ukubwa wa ganda, bei ikifuata nyuma. Akiona hakuna kipira kinachomkaa, au hawezi kuvumilia kuzibwa, asijilazimishe: zipo iafoni za kukaa mlangoni mwa sikio bila kuziba. Besi ya chini kabisa hatoipata hapo, na kuiongeza kwa ikwalaiza kuna mpaka, maana kispika kitaanza kukwaruza kabla upenyo haujashindwa.