Watani Hawanyimani Mkono

Jioni ya tarehe 14 Septemba 2025 nilikuwa nimeketi katika mgahawa mdogo wa chai ya karak hapa Ruwi, mjini Muscat, pamoja na wenzangu wawili wa kazini, mmoja mwenyeji wa Kerala, India, na mwingine mwenyeji wa Sialkot, Pakistani. Mgahawa ule una televisheni moja iliyofungwa juu ya jokofu la soda, na ikifika siku ya mechi ya kriketi kati ya India na Pakistani viti vya plastiki hupangwa hadi nje, wapita njia wakalazimika kushuka barabarani. Nimeishi hapa mwaka wa tisa sasa, na kriketi nimeijua kwa kukaa na hawa wawili. Wao ndio walionifundisha kuhesabu ova, yaani mafungu ya mipira sita sita, na kuelewa kwa nini watu wazima hushika vichwa mpira unapopita karibu na vijiti bila kuvigusa. Siku ile, mjini Dubai, katika mashindano ya Kombe la Asia, Pakistani walipata mikimbio 127 tu (mikimbio ndiyo alama za kriketi), na nahodha wa India, Suryakumar Yadav, akaimaliza kazi kwa pigo lililovuka kamba bila kugusa chini, wiketi saba, yaani nafasi saba za wapigaji kutolewa, zikiwa bado mkononi. Kisha yeye na mwenzake Shivam Dube wakatembea moja kwa moja hadi chumba cha kubadilishia nguo, mlango ukafungwa, na wachezaji wa Pakistani wakabaki wamesimama uwanjani wakingoja kupeana mikono.

Mgahawa ulinyamaza. Yule wa Kerala, ambaye timu yake ndiyo iliyoshinda, hakushangilia. Aliinamia glasi yake kama mtu aliyeletewa habari ya aibu ya nyumbani kwao. Yule wa Sialkot akatoa pesa akalipia chai ya sote watatu, kwa kuwa ndiyo sheria yao tangu niwafahamu: aliyefungwa analipa. Wakatoka pamoja, na njiani hawakuzungumza hata neno moja juu ya mechi, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Tangu siku ile nimekuwa nikilifikiria neno letu la utani. Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi, na mtu aliyelitumia neno hilo kwa mara ya kwanza alijua anachokisema, kwa kuwa utani kwetu ni uhusiano wenye sheria zake. Wazee wa Kizaramo na wa Kinyamwezi walitukanana, wakazuiana njia, wakanyang'anyana hata kuku, na hakuna aliyekasirika, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba siku ya msiba mtani wake ndiye atakayekuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Utani unaruhusu maneno makali kwa sababu umekwisha kukataza jambo moja, nalo ni kumfanya mwenzako si mtu. Naamini upinzani wa India na Pakistani katika kriketi, pamoja na vita vyote vilivyopita kati ya nchi hizo, ulikuwa na sehemu kubwa ya utani wa namna hiyo ndani yake, na naamini vilevile kwamba unaondolewa na watu wanaokaa juu, huku mashabiki wakilaumiwa kwa tabia walizofundishwa.

Kwa anayetaka ushahidi kwamba shabiki hazaliwi na tabia yake, autafute katika wiki tatu za mwaka 1999. Mwezi wa Januari mwaka huo timu ya Pakistani ilikwenda India kucheza mechi za Test, zile za siku tano, baada ya miaka mingi ya kutotembeleana. Wafuasi wa Shiv Sena, chama cha siasa kali za Kihindu, waliingia usiku katika uwanja wa Feroz Shah Kotla mjini Delhi wakauchimbua ule ukanda wa ardhi ngumu unaochezewa, hata mechi ya kwanza ikahamishiwa Chennai. Huko India walihitaji mikimbio 271 ili washinde. Wiketi tano zilianguka wakiwa na 82 tu, kisha Sachin Tendulkar, mpigaji nyota wa India, mgongo ukimuuma kiasi cha kuonekana dhahiri kwa kila aliyekuwa jukwaani, akapiga 136 na kuwafikisha mahali ambapo ilibaki mikimbio 17 tu. Akatolewa na Saqlain Mushtaq, mrusha mpira wa Pakistani. Wiketi tatu zilizobaki zikaongeza mikimbio minne, na Pakistani wakashinda kwa tofauti ya 12.

Yule wa Kerala alikuwa mtoto wakati huo, na hata leo akisimulia saa ile sauti yake hubadilika. Nilipoitazama picha ya video kwa mara ya kwanza nilielewa sababu. Kwanza kuna ukimya wa watu waliopigwa usoni. Halafu makofi yanaanza upande mmoja, yanapanda ngazi za jukwaa, na uwanja mzima wa Chepauk, huko Chennai, unasimama. Wachezaji wa Pakistani, wakiongozwa na nahodha wao Wasim Akram, wanauzunguka uwanja taratibu, na watu waliovunjwa moyo dakika chache kabla wanawapigia makofi hadi mzunguko unakwisha. Hakuna tangazo lililowaamuru kufanya hivyo. Walikuwa wamekaa na wageni wao siku nne, wameona mchezo safi, na walijua walichokiona.

Tarehe 19 Februari, chini ya mwezi mmoja baadaye, timu hizo hizo zilikuwa Eden Gardens, Kolkata. Tendulkar aligongana na Shoaib Akhtar, mrusha mpira wa Pakistani, akirudi kumaliza mkimbio wa tatu, na mpira uliorushwa kutoka mbali ukagonga vijiti kabla hajafika, akahesabiwa ametoka. Kwa mashabiki ilikuwa wazi kwamba Shoaib alimziba njia kwa makusudi, na chupa zikaanza kumiminika uwanjani. Tendulkar mwenyewe alilazimika kutoka ndani na kuzunguka uwanja pamoja na Jagmohan Dalmiya, aliyekuwa rais wa ICC, baraza la kriketi la dunia, kuwaomba watu watulie, na watu wakatulia. Kesho yake fujo zikarudi, polisi wakawatoa makumi ya maelfu ya watazamaji, na Pakistani wakashinda kwa mikimbio 46 mbele ya viti vitupu. Nchi ilikuwa ile ile, mwaka ule ule, na mgeni yule yule.

Wako wanaosema tofauti ni ya miji, kwamba watu wa Chennai ni wastaarabu na wa Kolkata ni wakali, na wanakumbusha kwamba Eden Gardens ndipo nusu fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1996 iliposimamishwa, India wakiwa 120 kwa wiketi nane dhidi ya Sri Lanka, moto ukiwaka jukwaani, hata Clive Lloyd aliyekuwa mwamuzi msimamizi akawapa Sri Lanka ushindi. Mimi siridhiki na hoja hiyo. Hisia ya kudhulumiwa humpanda kichwani mtu yeyote, awe amevaa kandambili au tai. Tarehe 2 Julai 2023 pale Lord's, London, baada ya Jonny Bairstow wa Uingereza kutolewa na Alex Carey wa Australia kwa njia iliyo halali lakini iliyowachukiza Waingereza, wanachama wa klabu ya MCC, yenye uwanja huo, watu wanaosubiri miaka mingi kupata uanachama, waliwazonga wachezaji wa Australia ndani ya ukumbi wao wenyewe, Usman Khawaja na David Warner wakajibizana nao, na klabu ikaomba radhi na kuwasimamisha wanachama watatu. Kama ustaarabu ungetokana na mji au tabaka, usingevunjika mahali pale.

Ninachokiona katika visa hivi ni jinsi mkono wa mtu mmoja anayependwa unavyoweza kugeuza jukwaa zima. Tendulkar alifanikiwa kwa muda pale Kolkata. Virat Kohli, aliyekuwa nahodha wa India, alifanikiwa kabisa tarehe 9 Juni 2019 katika uwanja wa The Oval, London, wakati mashabiki wa India walipomzomea Steve Smith wa Australia, aliyekuwa ametoka kutumikia adhabu ya mwaka mmoja kwa kashfa ya kuharibu mpira kule Cape Town. Kohli alikuwa katikati ya uwanja akipiga, tena katika mechi ya Kombe la Dunia, akawageukia watu wake akawaonyesha kwa mikono kwamba wampigie makofi. Ilimgharimu sekunde chache. ICC baadaye walimpa tuzo kwa kitendo hicho, lakini tuzo naiona ndogo kuliko funzo walilolipata watoto waliokuwa jukwaani siku ile.

Ndiyo maana lile la Dubai linaniuma. Sipuuzi kilichotangulia. Tarehe 22 Aprili 2025 watu 26, wengi wao watalii, waliuawa Pahalgam huko Kashmir, na mwezi uliofuata majeshi ya nchi hizo mbili yalishambuliana kwa siku nne. Nahodha wa India alisema kwamba yako mambo yaliyo juu ya uungwana wa michezo, akawakabidhi wanajeshi wa nchi yake ushindi ule. Majonzi hayo nayaheshimu. Lakini kama msiba ulikuwa mzito kiasi cha kushindwa kumpa mwenzako mkono, njia ya heshima ilikuwa kutocheza. Kucheza ova zote, kuuza tiketi na matangazo ya televisheni kwa sababu hakuna mechi inayolipa kama hiyo, kisha kumnyima mkono mwanamichezo ambaye hakumuua mtu, ni kuyachukua mapato ya utani na kuitupa sheria yake. Upande wa pili nao haukukaa kimya. Wiki moja baadaye Haris Rauf, mrusha mpira wa Pakistani, akizomewa na mashabiki wa India karibu na kamba, aliwaonyesha kwa mikono ishara ya ndege zinazoanguka, kana kwamba vita ni jambo la kurushiana jukwaani. Yeye na Suryakumar wote walitozwa faini. Kisha tarehe 28 Septemba India walishinda fainali, wakakataa kulipokea kombe kutoka kwa Mohsin Naqvi, ambaye ni mkuu wa bodi ya kriketi ya Pakistani, rais wa Baraza la Kriketi la Asia na pia waziri wa mambo ya ndani wa nchi yake, naye akakataa kumpisha mwingine alitoe. Mabingwa wakashangilia mikono mitupu. Na kwa maoni yangu mtu mwenye vyeo vitatu vya namna hiyo hakupaswa kuwa pale tangu mwanzo.

Baada ya yote hayo tunamshangaa kijana wa miaka kumi na minane anayeandika matusi mtandaoni. Kijana huyo hajawahi kuiona Test ya India na Pakistani tangu apate akili, kwa kuwa ya mwisho ilichezwa mwaka 2007, na timu hizo hazijatembeleana kwa mfululizo wa mechi tangu Pakistani walipokwenda India mwishoni mwa 2012 na mwanzoni mwa 2013. Hakuwahi kusikia mlangoni kwao habari kama zile za mwaka 2004, Wahindi kwa maelfu walipopewa viza kwenda Karachi na Lahore kutazama mechi, na wakarudi wakisimulia juu ya madereva wa teksi na wenye maduka waliokataa kupokea pesa zao. Yeye anamjua mpinzani kwa skrini tu, na skrini humwonyesha adui.

Uadui ukishazoeleka hauwezi kukaa mpakani ukamngoja mgeni, unaingia ndani. Oktoba 2021 Pakistani waliifunga India kwa wiketi kumi mjini Dubai, na lawama zikamwangukia Mohammed Shami, mrusha mpira wa India, kwa sababu ni Mwislamu, akiitwa msaliti na watu wa nchi anayoichezea. Septemba 2022 Arshdeep Singh alidondosha mpira mmoja rahisi katika mechi kama hiyo, akaitwa mfuasi wa wanaotaka kujitenga kwa sababu ni Singasinga. Kohli alimtetea Shami hadharani kwa maneno makali, na nashukuru alifanya hivyo. Mtani hukucheka unapodondosha mpira, lakini haulizi unasali wapi.

Kuna mechi nyingine ya mashindano yale ambayo wengi hawakuitazama, nayo ni ile ya tarehe 19 Septemba, Abu Dhabi, India dhidi ya Oman. Timu ya taifa ya hapa kwetu imejengwa na wahamiaji: nahodha wake Jatinder Singh alizaliwa Ludhiana, upande wa India, na Aamir Kaleem alizaliwa Karachi, na wamevaa jezi moja. Tulikuwa tena katika mgahawa ule ule, na kwa mara ya kwanza wenzangu wawili walikuwa upande mmoja. Kaleem, mwenye umri wa miaka 43, aliwapiga mabingwa wa dunia mikimbio 64, na kila mpira ulipofika kwenye kamba yule wa Kerala aligonga meza hadi chai ikamwagika. Oman walishindwa kwa mikimbio 21 tu. Mechi ilipokwisha, Suryakumar hakukimbilia ndani. Alipeana mikono na wachezaji wa Oman, kisha akabaki nao uwanjani akizungumza, wao wamemzunguka kama wanafunzi. Yule wa Sialkot alisogeza kiti karibu na televisheni, akaitazama picha ile hadi ilipobadilishwa na tangazo.

"Wa Karachi amepewa mkono, bhai," akamwambia mwenzake, na akaagiza chai tatu nyingine.