Mashine yetu, neno la siri lao

Taa yenyewe ni ndogo kuliko punje ya mtama. Iko pembeni ya kile kidubwasha cha kijivu kinachoongoza mashine, ndani ya kabati la umeme, imeandikwa BATT, na ilikuwa imewaka nyekundu kwa miezi. Najua kwa sababu niliikuta imebandikwa utepe mweusi. Mwenzangu wa zamu ya usiku alichoka kuulizwa na wakubwa "hiyo nyekundu ni ya nini?" akaifunika. Nami nikaiacha hivyo hivyo. Mashine ilikuwa inatembea, na mafundi wa viwandani tumelelewa kwamba mashine inayotembea haiguswi.

Kilikuwa kiwanda cha sabuni za mche, hapa hapa Dar es Salaam. Wikiendi moja umeme ukakatika Jumamosi jioni, na kwa kuwa hakukuwa na zamu, jenereta haikuwashwa. Jumatatu alfajiri umeme umerudi, tunawasha: mkanda kimya, kisu kimya, skrini inatutazama tu. Betri yenye ukubwa wa kipande cha chaki ilikuwa imekwisha, na ndiyo iliyokuwa inashikilia programu ya mashine pale umeme unapokosekana. Programu yote ilikuwa imefutika. Kisu hakikujua tena kwamba ni kisu.

Nakala ilikuwepo, ila kwa mtengenezaji, Ulaya. Tulipoomba tutumiwe, tukajibiwa kwa adabu kabisa kwamba faili haitumwi. Anatumwa fundi wao, na tiketi, hoteli na posho ni juu ya mteja. Alifika baada ya siku 11. Kazi yenyewe ilimchukua chini ya saa moja: alichomeka waya, akaandika neno la siri huku amenigeuzia mgongo, akabonyeza, mashine ikaamka. Chai tuliyomwandalia aliikuta bado ya moto.

Siku hizo 11 sabuni ilikatwa na Babu. Babu ni mzee wetu wa ghala, amekuwa pale tangu enzi ambazo hakukuwa na skrini hata moja. Alikwenda nyuma ya stoo akarudi na kiunzi cha mbao chenye nyaya zilizovutwa kama nyuzi za zeze, kimejaa vumbi na buibui. Mota ya kusukuma sabuni ina kitufe chake cha pembeni, kwa hiyo tuliweza kuiwasha. Mche ukitoka, vijana wawili wanaulaza, Babu anashusha kiunzi, vipande vinaachana. Siku ya pili nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza bila hata kucheka: "Mjukuu wangu, si mlisema hii ya kompyuta haisahau?"

Nimelikumbuka swali hilo kila ninapokaa kwenye semina za Mapinduzi ya Nne ya Viwanda. Jina hilo lina asili yake: Wajerumani ndio waliolitoa hadharani, kwenye maonyesho ya viwanda ya Hannover mwaka 2011, wakizungumzia viwanda vyao, vyenye mashine wanazozitengeneza wenyewe. Sisi tumelichukua zima zima. Mtoa mada anaonyesha picha ya mikono ya roboti, halafu mjadala unageuka kuwa mmoja tu: je, zitatunyang'anya ajira? Wengine wanasema ndiyo, wengine hapana, inakuja chapati na kuku, tunaondoka.

Mimi naona tunalilia kaburi lisilo na maiti. Kwenye kile kiwanda, mashine ya kukata ilipofungwa, waliokuwa wanakata walihamishiwa kufungasha. Kibarua kwetu ni nafuu kiasi kwamba mwajiri hana haraka ya kumnunulia roboti wa kumrithi. Kazi iliyoondoka kweli, tena bila mtu kuiaga, ni yangu mimi fundi. Zamani mashine ikigoma, nilifungua kabati, nikafuata waya kwa waya mpaka kwenye rilei iliyoungua, yaani swichi inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme, nikabadilisha. Leo nafungua kabati nakuta boksi lililofungwa kwa neno la siri. Kazi ya kujua kwa nini mashine imesimama imehamia ng'ambo, na kila tukiihitaji tunaikatia tiketi ya ndege.

Kinachoniuma ni kwamba hilo boksi, PLC, yaani kompyuta ndogo inayoendesha mashine, halikubuniwa liwe hivyo. Mwaka 1968 kitengo kimoja cha General Motors kule Marekani, kile cha giaboksi, kilichoshwa na makabati ya rilei. Kila muundo wa gari ukibadilika, mafundi walilazimika kung'oa nyaya na kuziunga upya, kazi ya wiki nzima wakati mwingine zaidi. Wakatangaza wanataka kifaa kinachobadilishika kwa kuandika tu. Kikundi cha Dick Morley, huko Massachusetts, kikaja na mashine waliyoiita Modicon 084, namba hiyo ikiwa ya mradi wao wa 84. Lakini utamu uko kwenye lugha. Hawakutaka kumlazimisha fundi umeme awe mtaalamu wa kompyuta. Wakaifanya programu ionekane kwenye karatasi kama mchoro wa rilei ule ule aliouzoea, mistari miwili ya wima na vipande vya katikati, kama ngazi. Fundi anasoma kwa kidole: swichi hii ikifunga, na ile ikifunga, mota inazunguka. Kwa maneno mengine, kifaa kilizaliwa ili mtu wa kiwandani aweze kukisoma na kukibadilisha mwenyewe, bila kumsubiri mtu. Zaidi ya miaka 50 baadaye mimi nakitazama kama mlango wa benki.

Kuna watakaosema mtengenezaji ana haki ya kulinda siri yake. Sawa, sikatai, wizi wa programu upo. Ila mpaka uko wapi? Huko Poland, mwishoni mwa 2023, wataalamu wa kompyuta walieleza hadharani walichokikuta ndani ya treni za Impuls zilizogoma kutembea baada ya kutengenezwa kwenye karakana isiyo ya kampuni iliyoziunda: programu iliyokuwa inaangalia hata mahali treni ilipolala, na ikiwa ni karakana nyingine, inafunga. Kampuni yenyewe, Newag, ilikana kuhusika. Sitoi hukumu. Lakini kama shirika la reli ndani ya Umoja wa Ulaya linaweza kujikuta kwenye hali hiyo, wewe mwenye kiwanda cha maji ya chupa Kibaha una kinga gani?

Na mashine mpya sasa zinakuja na kijisanduku chenye laini ya simu ndani yake, ili mtengenezaji aingie kutoka mbali. Msaada mzuri, nimeuona ukituokoa usiku wa manane. Lakini mtu anayeweza kuingia akarekebisha, anaweza pia kuingia akazima. Kuwe na swichi ya funguo ya kuikata laini hiyo, kwenye mlango wa kabati, na funguo zikae kwa msimamizi wa zamu.

 

Ninachotaka si kikubwa. Mkataba wa kununua mashine useme wazi: programu yenye maelezo yake yote, neno la siri, nakala mbili, na malipo ya mwisho yasitoke mpaka fundi wa kiwanda aifute na kuirudisha mwenyewe mbele ya muuzaji. Wanunuzi wetu wanabishana bei ya usafirishaji wiki tatu, hilo hawaligusi, kwa sababu kwenye meza hiyo fundi haitwi. Na vyuoni, VETA na kwingineko, kijana asiishie kuandika programu kwenye boksi jipya safi. Apewe kabati kuukuu, limejaa vumbi, programu ya mtu mwingine, mwaka hajui, aambiwe: tafuta kwa nini haiwaki. Maisha yake ya kazi yatakuwa hayo.

Kiwanda ninachofanya kazi sasa tulipokea mashine mwaka jana kutoka Italia. Nilikataa kusaini fomu ya makabidhiano mpaka nipewe faili. Fundi wao alicheka, akapiga simu, akasubiri, mwisho akanipa. Tulipoifungua, maelezo yote yameandikwa Kitaliano. Kwa hiyo kila Ijumaa mchana, baada ya usafi, nakaa na kijana wa mafunzo kwa vitendo tunatafsiri mstari kwa mstari na kuandika Kiswahili pembeni. Coltello ni kisu. Nastro ni mkanda. Tumepita mstari wa 60. Ritardo ni kuchelewa, zile nukta za sekunde mashine inazosubiri kabla kisu hakijashuka, na zimejaa kila ukurasa. Juzi kijana alifika saa tatu asubuhi. Mlinzi wa getini, ambaye sijui hata alilipatia wapi neno hilo, akamwambia leo una ritardo.