Dakika Kumi Tu za Asubuhi

Aliyeniuzia kuku alinihakikishia, huku akiwafunga miguu, kwamba viumbe hawa hawana usumbufu wowote: ni dakika kumi tu za asubuhi, unawafungulia, unawawekea chakula na maji, unaokota mayai, umemaliza. Nimewafuga kwa miaka miwili sasa, kuku sita na jogoo mmoja, na katika muda wote huo sijawahi kuziona dakika hizo kumi. Nimezitafuta. Nimejaribu kuamka mapema ili niziwahi, nimejaribu kuchelewa ili zinikute, nimejaribu hata kutayarisha kila kitu tangu usiku, lakini kila ninapotazama saa baada ya kulifunga banda hukuta zimepita dakika arobaini, na mimi nina unyoya kichwani ambao hakuna mtu njiani atakayenionea huruma akaniambia niutoe.

Hesabu ya bwana yule, kwanza kabisa, haikumhesabu jogoo. Alichukulia kwamba asubuhi ya mfugaji huanza pale anapoamua kuinuka kitandani, ilhali yangu huanza saa kumi usiku kwa uamuzi wa mwingine. Wahenga walisema jogoo akiwika asiwike kutakucha. Sina ugomvi na wahenga, ila naona jambo hili walilitazama upande mmoja, kwa maana jogoo wangu naye ana msemo wake: kukicha kusikuche, atawika.

Jirani yangu huniuliza kila tunapokutana langoni, macho yake yakiwa mekundu kama yangu, "Jirani, hivi huyo jogoo wako hana saa?" Saa anayo, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya nchini Japani walionyesha kwamba jogoo hangoji kuuona mwanga ndipo awike. Ana saa yake mwilini, na hata alipowekwa katika mwanga hafifu usiobadilika mchana wala usiku, aliendelea kuwika kwa mzunguko unaokaribia saa 24. Walipowawekea majogoo saa 12 za mwanga na saa 12 za giza, walianza kuwika takribani saa mbili kabla ya taa kuwashwa. Mfanyakazi anayefika kazini saa mbili kabla ya wakati ni wa kusifiwa, sikatai, lakini hasimami chini ya dirisha la mwajiri kutangaza kwamba amefika. Mwaka 2015 watafiti hao wakaonyesha tena kwamba majogoo wakiwa kundi huwika kwa kufuata vyeo: mkubwa huanza, kisha wa chini yake, na kuendelea hadi wa mwisho. Wangu yuko peke yake, kwa hiyo huwika kama mkubwa, akajijibu kama wa pili, kisha akamaliza na vyeo vyote vilivyobaki, asije akaonekana amekiuka utaratibu.

Wala msidhani kwamba kelele hizo zinamuumiza yeye. Watafiti wa Ubelgiji waliwahi kupima sauti ya jogoo karibu na masikio yake mwenyewe, wakakuta inapita desibeli 100 kwa mbali. Kisha wakagundua kwamba anapouachama mdomo wote, tundu la sikio lake hujifunga lenyewe. Kwa hiyo, katika mtaa mzima, kiumbe pekee asiyesumbuliwa na jogoo wangu ni jogoo wangu.

Baada ya hapo usingizi huwa ni wa kubahatisha tu, nami huamua kutoka. Banda lina makomeo mawili: la kwanza ni kwa ajili ya wanyama wa usiku, na la pili ni kwa ajili ya wale wanyama wa usiku waliokwisha kujifunza kulifungua la kwanza. Gizani, mikono ikiwa na baridi, mimi ndiye mnyama pekee anayeshindwa na yote mawili. Humo ndani, wakati huo, kuku husukumana na kunung'unika kama abiria waliocheleweshwa, na mtu angedhani mlango ukifunguliwa watatoka wote kwa pamoja.

Hawatoki, kwa sababu yupo Bi Mkubwa. Huyu ni kuku mweusi, mnene, ambaye husimama katikati ya mlango, akanyoosha shingo, akaitazama anga kwa jicho la kulia, akageuza kichwa akaitazama tena kwa jicho la kushoto, kana kwamba maoni ya jicho moja hayatoshi kupitisha uamuzi. Kukiwa na manyunyu hurudi nusu hatua na kuendelea kusimama, na wenzake watano walio nyuma hubaki pale pale ndani, hakuna anayethubutu kumpita. Mnorwe mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, ndiye aliyewaeleza wanasayansi mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwamba kuku wana madaraja ya kudonoana: wa juu humdonoa wa chini, wa chini humdonoa wa chini zaidi, na yule wa mwisho hana wa kumdonoa. Inasemekana alianza kuwachunguza kuku tangu akiwa mtoto, nami nasadiki, kwa sababu mtu mzima mwenye kazi ya kuwahi hawezi kuupata muda huo. Nikiruhusiwa kuongeza neno moja katika utafiti wake, ni kwamba yule wa mwisho katika ngazi ana wa kumdonoa, naye ndiye anayeshika ndoo.

Suala la chakula nitalipita haraka, kwa sababu linanitia hasira. Kuku anayetaga anahitaji takribani gramu 120 za chakula kwa siku, nami huzipima. Lakini kuku wangu huingia miguu yote miwili ndani ya chombo, akachakura, akazimwaga gramu 100 chini, akala zile 20, kisha akaniangalia kwa sura ya mtu aliyepunjwa. Nimesikia kwamba mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Natamani angekuwepo wa kumfunza kuacha.

Maji yana kisa chake. Kuku mmoja hunywa karibu robo lita kwa siku, na zaidi kukiwa na joto, na kila kitabu cha ufugaji kinasisitiza kwamba maji hayo lazima yawe safi. Basi kila asubuhi hukisugua chombo kwa brashi, nikakijaza, nikakiweka juu ya tofali ili kiwe sawa na migongo yao na wasikitilie taka. Kabla sijanyooka kiuno, mmoja ameshapanda juu ya tofali na kukigeuzia mgongo chombo chenyewe, na kilichofuata sitakieleza. Wengine watano wakati huo wamekizunguka kidimbwi kilichotokana na yale maji machafu niliyoyamwaga, wanakunywa kwa adabu, wakiinua vichwa juu kila baada ya funda, kama watu wanaoonja kitu cha thamani.

Kisha inanibidi nikikague kinyesi. Sikuwahi kufikiri kwamba katika umri huu ningekuwa mtu wa kuinama asubuhi chini ya fito za kulalia kuku, taa ya simu mkononi, nikisoma yaliyoandikwa pale usiku, lakini ndivyo ilivyo, maana kuku mgonjwa huficha ugonjwa wake hadi siku ya mwisho, na kinyesi hakijui kuficha. Chenye kofia nyeupe ni kizuri. Ile nyeupe ndiyo mkojo wao, kwani ndege hana haja ndogo ya peke yake. Kile cha kahawia, laini kama uji mzito, chenye harufu ya kumfanya mtu ajutie maisha yake, nacho ni cha kawaida, hutoka mara moja kati ya kila nane au kumi. Chenye damu ndicho cha kutisha. Mke wangu alinikuta siku moja nimechuchumaa natabasamu, akauliza ninachekelea nini, nikamwambia ukweli, na tangu siku hiyo huninawisha mikono kwa sabuni mara mbili, akisimamia mwenyewe. Ana haki: hata kuku mwenye afya njema anaweza kubeba salmonela, vijidudu vinavyomharisha mtu. Lakini hizo nazo ni dakika.

Nayo mayai hayana ratiba. Yai moja huchukua saa 24 hadi 26 kutengenezwa, nyingi kati ya hizo zikitumika kwenye ganda, na matokeo yake ni kwamba kuku anayetaga leo asubuhi kesho atachelewa kidogo, keshokutwa atachelewa zaidi, na akishafika alasiri anaona bora apumzike siku nzima aanze upya. Mimi nikijaribu mpango huo kazini, siku ya tatu nitaitwa kujieleza. Zaidi ya hayo, niliwatengenezea viota vitatu vizuri, vyenye maranda makavu, na wote sita wameamua kutagia kimoja tu, kile cha pembeni, hivi kwamba asubuhi huwa na foleni, na anayengoja humsimamia aliyemo akimsemesha kwa ukali mpaka amalize.

Katika kiota hicho kimoja nililiweka yai la bandia, la kauri. Lilikuwa la kuwafundisha walipokuwa matetea wageni: kuku akiona yai mahali huamini kwamba mahali hapo ni pa kutagia. Walijifunza kwa wiki moja, nami kwa uvivu nikaliacha humo kwa miaka miwili. Halikuwahi kunisumbua, kwa kuwa asubuhi gizani lilijulikana kwa ubaridi wake: la moto ni la kuku, la baridi ni la dukani.

Sasa wiki iliyopita kuku wangu mmoja, Mpole, ameshikwa na hamu ya kuatamia. Hatagi, hali vizuri, ametandaza mwili wake juu ya kiota kama mto uliopasuka, na jina lake halimfai tena. Yuko tayari kukaa hapo siku zote 21 ambazo kifaranga huhitaji, ingawa alichokilalia ni kauri. Jumanne nilikuwa nimechelewa, nikaingia bandani nimeshavaa koti la kazini na viatu vyenye kamba, kosa ambalo sitalirudia. Mtoto alikuwa ameahidiwa yai la kuchemsha. Nikapenyeza mkono chini ya Mpole, akanidonoa kwenye kifundo cha mkono na kuizungusha nyama kidogo, kama mtu anayefungua bomba, na vidole vyangu vikakuta mayai mawili, laini sawa, mazito sawa, na yote mawili ya moto.

Nikayachukua yote, moja mfuko wa kulia, moja mfuko wa kushoto, nikisema nitayatofautisha kwenye mwanga. Wakati huohuo nikahisi mguu unavutwa. Alikuwa Karani, kuku mwembamba anayetembea akichungulia kila kitu, ambaye ameikamata kamba ya kiatu changu akiamini ni mnyoo, na alikuwa akiivuta kwa nguvu zake zote, kisigino nyuma, huku wenzake wakija mbio kumnyang'anya. Nilipojinasua nilikuwa na kiatu kimoja kilicholegea, jogoo ameshatoka nje ya ua, na lile suala la kutofautisha likawa limenitoka kabisa akilini. Jikoni nilitia mkono mfukoni, nikampa mke wangu yai la mtoto kwa fahari ya mtu anayeilisha familia yake kwa jasho, nikanawa mara mbili, nikaondoka.

Kazini nilikuwa nimekaa robo saa hivi nilipoingiza mkono katika mfuko wa kushoto nikitafuta ufunguo wa droo. Nikalitoa yai, nikacheka mwenyewe. Mwenzangu wa meza ya pili akainua macho akauliza kama nimeanza kuja na chakula kibichi ofisini. Nikamweleza habari za yai la kauri, namna linavyomdanganya kuku, namna ambavyo mtu asiyejua hawezi kulitambua kwa macho, na kwa kuwa alionekana haamini, nikaligonga kwenye ukingo wa meza ili asikie mlio wake.

Nilikuwa bado nanyanyua karatasi moja baada ya nyingine, ute ukidondokea magotini, simu ilipoita. Alikuwa mke wangu.

"Baba watoto," akasema, kwa sauti ya upole ambayo huitumia mambo yanapokuwa makubwa, "hili yai lako nimelichemsha dakika kumi. Mtoto ameligonga kwa kijiko, kijiko kimepinda. Nimeligonga mimi kwa mchi. Sasa anataka kujua ni kuku gani aliyelitaga, na mimi pia nataka kujua."