Mawe ya Goma hayabembelezwi kwa kupunguza upepo

Jumamosi iliyopita, saa kumi jioni, shemeji yangu alinipigia simu kutoka Ndosho, mtaa wa hapa Goma. Gari limekaa chini upande mmoja, mama mkwe yuko ndani na watoto wawili, na mvua imeshaanza kudondoka. Nilipofika nilichuchumaa mbele ya gurudumu la kushoto nikapitisha kidole kwenye ubavu wa tairi. Nilikuta mikato miwili, mmoja jirani na janti (rimu ya chuma), mwingine vidole viwili chini yake, yote imelala sambamba. Janti nayo ilikuwa imepinda ukingoni, kidole gumba changu kilikaa vizuri kwenye bonde lake. Tairi hilo halikuwa limemaliza hata miezi minne.

Nikamuuliza kama kuna mtu aliyegusa upepo. Akasema ndiyo, jana yake. Kwado, yaani fundi wa matairi wa kando ya barabara, alikuta upepo wa kilo 2,4 mbele, akagonga tairi kwa ngumi, akatikisa kichwa: "Papa, hii pine iko nguvu sana. Tuipunguze mupepo, itakuwa laini ku mawe." Akashusha hadi 1,8. Shemeji akaona kweli gari limekuwa tamu, halirukiruki tena, akamshukuru na kumlipa.

Najua kwado yule alitaka kusaidia. Wametutoa njiani mara nyingi, usiku na kwenye matope, na siwezi kusahau hilo. Lakini ushauri huu nimeusikia Birere, nimeusikia Majengo, nimeusikia hata kwa watu waliosoma, na kwa tairi la ubavu mfupi ni ushauri mbaya. Unakata matairi ya watu ambao hawana pesa ya kununua mengine, na siku moja utakata moja gari likiwa kwenye mwendo kuelekea Sake, limejaa abiria.

Hebu tazameni tairi lenyewe. Kama limeandikwa 225/45 R17, ile 45 ni asilimia ya upana: ubavu ni milimita 101, kutoka ukingo wa janti hadi barabarani. Tairi la 215/70 R16, lile la magari marefu ya zamani, lina ubavu wa milimita 150. Zile sentimita tano zilizopungua ndizo zilikuwa nafasi ya jiwe. Jiwe likichomoza kama ngumi, tairi refu linabonyea, linalimeza, linaendelea. Tairi fupi likiwa na upepo wa kutosha linabonyea kidogo kisha linalisukuma gari zima lipande. Ukilipunguzia upepo, linabonyea hadi mwisho, mpira unabanwa katikati ya jiwe na chuma, unakatika sehemu mbili kwa pigo moja. Ndiyo ile mikato miwili niliyoigusa. Wakati mwingine haukatiki papo hapo: nyuzi za ndani zinakufa, na kesho yake unaona uvimbe ubavuni kama jipu. Tairi hilo halizibwi. Atakayekuambia ataliziba anakudanganya, ondoka.

Na mawe yetu si kokoto za mtoni zilizosuguliwa na maji. Avenyu nyingi za mji huu tumezijenga juu ya kile volkano ya Nyiragongo ilichotuletea tarehe 17 Januari 2002, pamoja na vilivyotangulia. Lava imepoa, imepasuliwa kwa nyundo, imetandazwa, na kila kipande kina makali yake. Unamwona mama anayeuza makaa akitembea juu yake kwa kandambili, anajua pa kuweka mguu. Gurudumu halijui.

Wapo watakaoniambia madereva wa njia za matope za Walikale hupunguza upepo. Ni kweli, na wanafanya vizuri. Tairi lao lina ubavu mrefu, wako kwenye matope laini, wanakwenda taratibu kuliko mtu anayetembea, na wakirudi kwenye njia ngumu wanajaza tena. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kwenye gari dogo la janti 17 linaloteremka Katindo saa ya kurudi nyumbani.

Sasa upepo sahihi ni upi? Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo. Kuna karatasi. Magari yetu mengi yametoka Japani, kwa hiyo maandishi hayasomeki, lakini tarakimu zinasomeka: ukubwa wa tairi, halafu 220 au 230 au 240. Hizo ni kPa; 100 ni sawa na kilo moja ya kwado, basi 230 ni kilo 2,3. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia, na kwa mawe haya mimi nasema usishuke chini yake hata kidogo. Ukiwa na watu watano na mizigo, ongeza. Mimi huongeza 0,2, hasa nyuma. Namba kubwa iliyochongwa kwenye tairi lenyewe, yenye neno MAX, usiifuate: ni ukomo wa tairi. Tairi lililojazwa kupita kiasi linalika katikati, linashika vibaya kwenye lami yenye maji, na ncha kali inalitoboa kwa urahisi.

Lakini namba hiyo ni ya tairi la baridi, na hapa ndipo tunapopotea karibu sote, hata tunaojiona waangalifu. Umetoka Himbi, umepita kwenye vumbi na msongamano wa Signers, jua linawaka, unafika kwa kwado. Tairi limepata moto, na upepo ndani yake umepanda kwa 0,2, hata 0,3. Manometa, kile kipimo cha upepo, inaonyesha 2,5. Kwado anasema umezidi, anatoa hadi 2,3. Mnaagana mkiwa mmeridhika. Asubuhi, wakati ukungu bado uko juu ya ziwa na gari limelala usiku mzima, tairi hilo lina 2,0. Haujapungua kwa tundu wala kwa valvu. Uliuacha kwa kwado jana yake, kwa mikono yenu wawili.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Nina manometa yangu ndogo, inakaa kwenye droo ya gari. Napima asubuhi, kabla ya kuwasha mota, magurudumu yote manne, naandika. Kama la mbele kulia lina 2,1 na linatakiwa 2,4, basi limepungukiwa 0,3. Nikifika kwa kwado, hata kama manometa yake inasoma 2,3 kwa sababu ya moto, namwambia aongeze 0,3, afike 2,6. Mara ya kwanza alinishangaa. Sasa ananiuliza mwenyewe: "Leo inakosa ngapi?" Namshukuru kwa hilo, maana amejifunza bila kuona aibu, na wateja wake wengine wanafaidika.

Jambo la pili linalonikera ni janti zilizobadilishwa. Gari lilitengenezwa kwa janti 16, mtu amevalisha 18 kwa sababu zinapendeza. Zinapendeza, sikatai. Ila karatasi ya mlangoni inazungumzia tairi lile la kwanza, na tairi jipya lina nafasi ndogo ya upepo ndani yake. Kinachobeba gari ni ule upepo uliobanwa. Nafasi ikipungua, lazima ubanwe zaidi ili ubebe uzito uleule. Tazama tarakimu inayofuata baada ya ukubwa: 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, 94 ni kilo 670. Usikubali tairi ambalo tarakimu yake iko chini ya ile ya kwanza. Na kama limeandikwa XL, yaani limeimarishwa kubeba zaidi, tambua kwamba nguvu hiyo ya ziada inapatikana kwa upepo wa ziada: lile la 91 la kawaida linabeba kilo zake 615 likiwa na upepo wa kilo 2,5, na lile la 94 XL linafikia 670 likiwa na 2,9. Ukilivalisha XL na kuliacha na 2,0, umelipia nguvu usiyoitumia.

Kwa wale wanaosema Goma iko juu, mita 1 500, kwa hiyo upepo upunguzwe: manometa inapima kile kilichozidi hewa ya nje, basi namba ya mlangoni inabaki ileile. Gurudumu dogo la akiba, lile jembamba, linataka kilo 4,2. Lipimeni, mengi yamekaa tupu tangu bandarini. Na tairi la okazioni, yaani lililokwisha kutumika, kabla hujalipia, weka mkono ndani yake uzungushe, utafute uvimbe.

Nakubali, na sifurahii kukubali, kwamba upepo sahihi hautaokoa kila tairi. Pale lami inapoishia kwa ngazi, ukiingia na mwendo wa arobaini, hata 2,6 haitakusaidia. Punguza mwendo, mguu uwe mwepesi. Na kama breki zinaruhusu, rudisha janti ndogo na ubavu mrefu, mradi kimo cha gurudumu zima kisibadilike. Gari litapoteza sura mbele ya marafiki, lakini mama mkwe atafika nyumbani bila kunyeshewa.

Jumapili asubuhi nilikwenda kwa shemeji kabla ya ibada. Gari lilikuwa limelala uani, baridi. Tulipima pamoja, yeye akishika manometa kwa mara ya kwanza maishani mwake. La mbele kulia, lile lililopona: 1,75. Ya nyuma: 1,8 na 1,7. Alinyamaza, akayatazama matatu yote, kisha akaenda kusoma karatasi ya mlangoni. Ilisema 240. Lile lililokatika lilikuwa bado limeegemea ukuta wa mawe, na kijana wa jirani mwenye chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, alikuwa ameshaliomba, akate mpira wake avalishe magurudumu yake ya mbao. Tukampa.