Nembo za Bibi Hazikustahili Kufutwa

Hivi karibuni nilihudhuria arobaini ya bibi mmoja wa Newala, na picha yake kubwa iliyowekwa mbele ya wageni ilinikasirisha mno. Studio iliyoikuza hapa Mtwara mjini ilikuwa imelainisha makunyanzi yote, ikaing'arisha ngozi, kisha ikazifuta kabisa nembo zake, yaani chale za Kimakonde, za mashavuni na za kwenye paji la uso, kana kwamba zilikuwa madoa ya kamera.

Bila shaka walikusudia kumrudishia ujana, lakini ujana wake ndio huo walioufuta. Nembo za Kimakonde zilichanjwa kwa kisu msichana angali mbichi, mkaa ukasuguliwa kwenye majeraha ili mistari isipotee, na tangu hapo ngozi ikazeeka pamoja nayo, hata mistari iliyonyooka siku ile ikapinda kufuata mikunjo ya uzee. Katika uso mmoja ukaonekana mkono wa fundi aliyemchanja, na juu yake kazi ya miaka yote iliyofuata. Sijui ni ishara gani ya muda ambayo msanii angeweza kuibuni ikaizidi hiyo.

Wachoraji wa Ulaya walilazimika kuongeza vitu pembeni: fuvu, mshumaa, saa ya mchanga, ua linalonyauka. Titian alichora vichwa vitatu, cha mzee, cha mtu mzima na cha kijana, akaviweka juu ya vichwa vya mbwa mwitu, simba na mbwa. Rembrandt hakuhitaji hayo alipojichora mwaka 1669, mwaka aliofariki akiwa na umri wa miaka 63. Ngozi iliyolegea ilimtosha. Wachongaji wetu wa mapiko, vile vinyago vya ngoma za Kimakonde, nao walilijua jambo hili, maana walibandika nywele halisi za binadamu kwenye kinyago na kuzifinyanga nembo kwa nta ya nyuki.

Nakubali kwamba wapo wazee wanaoomba wenyewe kupunguziwa miaka, na wapo waliozionea haya nembo zao baada ya kuchekwa mijini. Hiyo ni haki yao. Bibi huyu hakuulizwa.

Wanawake wenye nembo, na wale ambao mdomo wao wa juu bado una tundu la ndonya, kile kipambo kilichovaliwa mdomoni, wamebaki wachache sana, na hakuna wasichana wanaowafuata. Ndugu zangu wapiga picha wa Mtwara na Lindi, nawasihi muwapige kwa mwanga wa ubavuni ili kila mchanjo uonekane, na mkishawapiga, msiziguse nyuso zao.